Amana ya Mchana: Mwongozo kwa Anayekusudia Kufungua Nyumba ya Kulea Watoto

Ukisimama mbele ya nyumba yoyote ya kulea watoto, saa moja ya asubuhi, katika mji kama Tanga au Dar es Salaam, utaona jambo ambalo wazee wetu wasingalidhani kuwa litakuwa la kila siku: mama aliyekwisha vaa nguo za kazi anamteremsha mwanawe mgongoni, anamkabidhi kwa mwanamke asiye wa nasaba yake, anamfuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha anageuka upesi asije akalia yeye. Zamani mtoto wa mama aliyekwenda shamba alibaki kwa bibi, au kwa shangazi, au kwa jirani wa ua mmoja, na mtu huyo hakuhitaji cheti wala daftari, kwa sababu ujirani wenyewe ulikuwa dhamana yake, na lau mtoto angaliumia, mtaa mzima ungalijua kabla ya adhuhuri. Leo bibi yuko kijijini, shangazi naye ana ajira, na jirani hatumjui hata jina. Ndipo ilipozuka haja ya nyumba hii ambayo wewe msomaji umekusudia kuifungua, na ndipo yalipozuka masharti nitakayoyataja, ambayo kwa hakika ni jitihada ya kuurudisha ule uangalizi wa ua wa zamani kwa njia ya kuta, hesabu na maandishi.

Katika miaka niliyoshughulika na nyumba hizi, nimezoea kuipima kila nyumba kwa jambo moja. Umaskini wa nyumba sio unaomdhuru mtoto mdogo. Madhara humfika aghalabu katika ile dakika ambayo hakuna mtu hata mmoja anayejijua kuwa yeye ndiye anayemtazama. Basi kila utakalolijenga, utakalolinunua au utakaloliamuru, liulize kwanza kama linamsaidia mlezi kumwona mtoto, au linamficha.

Usipokee mtoto hata mmoja kabla hujasajiliwa. Tanzania Bara, nyumba hizi, ambazo serikali huziita vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, zilikuwa na sheria yake tangu mwaka 1981, na sasa zimo ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Mtu wa kumwendea ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na nakunasihi umwendee mapema, kabla hujalipa kodi ya mwaka, umwombe aje aione nyumba ikiwa bado tupu, maana ukaguzi unaofanyika kabla ya rangi kupakwa huokoa fedha, na huenda ukaokoa na roho. Wako wanaomwona afisa huyu kuwa ni mpinzani. Mimi namwona kuwa ni jicho la ziada, nalo hulilipi wewe.

Nyumba yenyewe itafute ya chini, isiyo na ngazi, yenye ua uliozungushiwa ukuta au wigo imara, na yenye mti, kwa kuwa kivuli cha mwarobaini mmoja ni bora kuliko pembea tatu zilizowekwa juani. Kuhusu ukubwa wa vyumba, watu wengi hukisia, na anayekisia daima hukisia kwa faida ya mfuko wake; kwa hiyo tumia nambari. Kanuni za Uingereza, ambazo nimezichagua kuwa kipimo kwa sababu zimeandikwa waziwazi, humtakia mtoto wa chini ya miaka miwili mita za mraba 3.5, wa miaka miwili mita 2.5, na wa miaka mitatu hadi mitano mita 2.3. Chukua ukumbi wa mita 5 kwa 6, unaopatikana katika nyumba zetu nyingi: eneo lake ni mita za mraba 30, nao basi utachukua wachanga 8, au watoto wa miaka miwili 12, au wakubwa wao 13, wala usimwongeze wa kumi na nne kwa kuwa mama yake amekubembeleza. Tena ukumbuke kwamba nambari hizo ziliandikwa katika nchi ya baridi. Chini ya bati la mwambao mwezi wa Januari, watoto 13 katika ukumbi usio na dari na usiopitisha upepo kutoka dirisha hili hadi lile watachemka kama wali, na mimi katika chumba cha namna hiyo nisingewapokea zaidi ya 10.

Viambaza vya ndani, pale ambapo havibebi paa, vishushe vifike kifuani mwa mtu mzima, ili mlezi aliyeinama kumbadilisha mtoto nguo aweze kuinua kichwa na kuwaona waliobaki. Mlango wa choo cha watoto ukatwe juu na chini, mtoto apate sitara yake na mlezi apate kujua kwamba yumo na yu salama. Meza ya kubadilishia nepi isielekee ukutani. Mlezi asimame nyuma yake, uso ukitazama chumba. Jiko liwe mbali na vyumba vya watoto, mtungi wa gesi ukae nje, na jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala, hata siku ya mvua, hata kwa dakika chache za kukausha nguo, kwani hewa ya mkaa haina harufu wala haimwamshi anayekufa.

Hapa yanipasa nikae kidogo juu ya milango na nondo. Siku ya tarehe 5 Juni mwaka 2009, katika mji wa Hermosillo nchini Meksiko, moto ulizuka katika ghala lililopakana na nyumba ya kulea watoto iliyoitwa ABC, nayo nyumba hiyo yenyewe ilikuwa ghala lililogeuzwa. Moto ulipita juu, kwenye dari, wakati wa usingizi wa mchana. Mlango wa dharura haukuwafaa kitu, na watu walilazimika kuuvunja ukuta kwa gari ili watoto wapate pa kutolewa. Walikufa watoto 49, na miaka miwili baadaye nchi ile ikatunga sheria mpya kwa ajili ya nyumba za namna hiyo. Nayataja maafa haya kwa sababu, nikipita katika mitaa yetu, naona nyumba baada ya nyumba zilizojaa watoto zikiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na madirisha yote yametiwa nondo zilizochomelewa, kwa khofu ya wezi. Khofu hiyo ni ya haki. Lakini mwizi huja usiku, ilhali watoto wamo mchana. Toa milango miwili katika pande mbili za nyumba, ifunguke kuelekea nje, na maadam mtoto yumo ndani isitiwe kufuli. Iwe na komeo lililo juu, ambalo mkono wa mtu mzima hulifikia bila ufunguo. Angalau dirisha moja katika kila chumba liwe na nondo zenye bawaba. Kisha uliza ni nani jirani yako na anaweka nini upande wa pili wa ukuta: rangi, mafuta, magodoro, au mkaa.

Kila mwezi, siku isiyotangazwa, watoe watoto wote nje kana kwamba pana moto, ukihesabu dakika. Wachanga hubebwa wengi kwa pamoja katika kitanda kimoja chenye magurudumu. Wanaotembea hushika kamba yenye mafundo, kila mmoja fundo lake, mlezi mmoja mbele na mmoja nyuma. Nambari 114, ya zimamoto Tanzania, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na chini yake mahali nyumba ilipo, kwa maneno ambayo hata mlezi aliyefadhaika ataweza kuyasoma.

Maji yanaua zaidi ya tunavyodhani, tena yanaua kimya. Mtoto anayeanza kusimama ana kichwa kizito kuliko miguu yake. Akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujiinua, na maji yasiyofika shibiri yatosha kumwangamiza wala hutasikia kelele. Kwa hiyo ndoo ya kudekia imwagwe mara tu kazi inapokwisha, igeuzwe kifudifudi. Pipa la akiba liwe na kifuniko kizito chenye kufungwa. Na mfuniko wa karo ukaguliwe kwa mguu wa mtu mzima kila Jumatatu, maana saruji iliyooza haionyeshi dalili mpaka siku inapomeza mtu. Kisima, kama kipo, kizungushiwe. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, hata kwa siku moja. Na mtoto akinywa, usimtapishe, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Dawa ya panya isiwepo kabisa.

Juu ya chakula sitasema mengi, kwa kuwa mama zetu wanajua uji kuliko mimi. Ila nitasema neno juu ya vile vitu vidogo vitamu ambavyo kila mgeni huja navyo kwa mapenzi. Karanga, korosho, pipi ngumu, tende isiyotolewa kokwa, na ubuyu wetu wa rangi, ambao mbegu yake imekaa ikingoja koo la mtoto, visiingie katika nyumba yenye watoto wa chini ya miaka mitano, na mgeni aliyevileta ashukuriwe na arudishiwe langoni. Samaki achambuliwe kwa vidole, si kwa macho, na mtoto ale akiwa ameketi. Kila mlezi sharti ajifunze kwa vitendo, kwa mkufunzi wa huduma ya kwanza, namna ya kumwokoa aliyekwamwa: mchanga wa chini ya mwaka mmoja hulazwa kifudifudi mkononi, kichwa kikiwa chini, akapigwa mgongoni kwa kiganja mara tano, kisha akageuzwa na kubonyezwa kifuani mara tano, na kuanza tena. Kusoma jambo hili hakutoshi. Mikono haikumbuki ilichokisoma.

Wakati wa usingizi, kila mtoto awe na kigodoro chake, kilichoandikwa jina lake. Mchanga alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere kandoni. Wengi wetu tulilelewa kifudifudi, na bibi zetu walidhani ndiyo salama; lakini Marekani, tangu mwaka 1994 walipoanza kuwahimiza wazazi kuwalaza wachanga chali, vifo vya ghafla usingizini vilipungua kwa nusu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, na mlezi mmoja asibanduke chumbani. Asiende jikoni, asisinzie, asishughulike na simu. Saa ya usingizi ndiyo saa ambayo nyumba nyingi huwaacha walezi wote wapumzike pamoja.

Sasa nafika kwenye walezi, na hapa ndipo ningependa usome polepole. Kipimo cha Uingereza ni mlezi 1 kwa wachanga 3, na mlezi 1 kwa watoto 8 wa miaka mitatu na zaidi. Kwa watoto wa miaka miwili walikuwa 4 kwa kila mlezi, na mwaka 2023 wakaongezwa kuwa 5. Mimi nasimama na wale wanne, kwa sababu nimewaona watoto wa miaka miwili: mmoja akianguka, wa pili yumo chooni, wa tatu amepanda juu ya meza, na wa nne anamuuma mwenzake. Kwa ule ukumbi wetu wa wachanga 8, basi, unahitaji walezi 3, na wa nne wa kupokezana, maana mlezi naye ni mwanadamu, ana haja ya kula, kuswali na kwenda msalani. Na ratiba isiyomhesabia haja hizo imekwisha panga, bila kusema, dakika ambazo watoto hawana mtu.

Kila mtoto awe na mlezi wake mwenye dhamana, anayejua kilio chake cha njaa na kilio chake cha usingizi. Daktari Emmi Pikler, aliyefungua mwaka 1946 mjini Budapest nyumba ya watoto waliokosa wazazi, aliwafundisha walezi wake kwamba saa ya kulishwa, kuogeshwa na kuvishwa ndiyo saa ya malezi yenyewe. Mlezi asimgeuze mtoto kama furushi akiwa anaongea na mwenzake, bali amwambie anachotaka kufanya, angoje mkono unyooshwe, ndipo avishe nguo. Hili halitaki fedha. Linataka idadi ya watoto iliyo ya haki na mlezi asiyekimbizwa.

Mlezi umchague kwa subira. Mwite akae siku tatu pamoja nanyi kabla ya mkataba, nawe uangalie anaposema na mtoto kama huinama au husema kutoka juu. Taka cheti cha polisi cha tabia njema, na uzungumze kwa sauti, si kwa barua, na watu wawili waliopata kumwajiri. Mlipe mshahara wake kwa tarehe, wala usimcheleweshee kwa kisingizio kwamba wazazi hawajalipa. Mlezi anayewaza kodi ya chumba chake hawezi kuwaza watoto wako, na akiondoka ghafla, watoto wanane watalia juma zima wakimtafuta. Fimbo isiwepo katika nyumba, wala vitisho vya zimwi, wala kumfungia mtoto peke yake.

Na kuna jambo ambalo haya hutuzuia kulitamka, nami nalitamka: wako watu wanaotafuta kazi kwa watoto ili wawadhuru miili yao, na hawana alama usoni. Kwa hiyo iwe ni kanuni inayowafunga wote, mwenye nyumba akiwemo, kwamba hakuna mtu mzima anayekaa na mtoto nyuma ya mlango uliofungwa. Kwamba fundi, dereva na mlinzi hawaingii vyumbani wakati wa watoto ila mlezi awe pamoja nao. Na kwamba mtoto anapoonyesha alama mwilini au woga mpya wa mtu fulani, jambo hilo huandikwa siku ileile na hupelekwa kwa afisa ustawi au polisi, wala halisuluhishwi ukumbini. Simu ya 116, Tanzania na Kenya, imewekwa kwa ajili ya watoto. Ibandikwe mahali ambapo walezi na wazazi wote wataiona.

Langoni ndipo amana inapobadilisha mikono, asubuhi na jioni, na hapo ndipo penye hatari ya kupotea. Weka daftari moja lenye jina la mtoto, saa aliyofika, aliyemleta, hali yake, saa aliyochukuliwa na sahihi ya aliyemchukua; na weka kadi ya kila mtoto yenye majina na picha za watu wasiozidi wanne wanaoruhusiwa kumchukua. Nakumbuka alasiri moja ya mvua, katika nyumba moja ya mwambao, alipofika bwana mmoja aliyevaa vizuri, akamtaja mama wa mtoto kwa jina, akasema yeye ni mjomba na ametumwa. Mtoto naye akamkimbilia akicheka. Mlezi kijana alikwisha mfunga mtoto viatu. Bi mkubwa wa nyumba akafungua kadi, hakuona jina. Akamwomba bwana yule aketi barazani, akamletea chai, akampigia mama simu, na simu haikupokewa kwa muda wa saa nzima. Bwana alighadhibika, akasema amedhalilishwa, naye kwa kweli alikuwa mjomba wa damu. Mama alipopata habari alimshukuru Bi mkubwa hadi machozi yakamtoka. Mjomba wa kweli hungoja, na wewe usimwonee haya.

Kila mara watoto wanapohama, kutoka chumbani kwenda uani, kutoka uani kwenda kula, wahesabiwe kwa majina, na nambari iandikwe kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni. Mkitumia gari, wahesabiwe wanapopanda na wanaposhuka, kisha mlezi atembee hadi kiti cha nyuma, ainame atazame chini ya kila kiti, kwa sababu mtoto aliyelala hajibu anapoitwa, na gari lililofungwa juani humuua mtoto kwa muda mfupi.

Maradhi yataingia, huwezi kuyazuia yote. Omba kadi ya kliniki siku ya kwanza, uone kama chanjo zimetimia, ya surua hasa, ambayo Tanzania hutolewa katika miezi 9 na tena 18. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kila nepi na kabla ya kila chakula, ya mlezi na ya mtoto. Mwenye homa atengwe karibu na mlezi, mzazi aitwe. Anayeharisha aanze kupewa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, iliyochanganywa katika lita 1 ya maji safi, wakati mzazi yungali njiani. Dawa isitolewe ila kwa maandishi ya mzazi yanayotaja jina, kipimo na saa.

Michezo usiihangaikie kwa fedha. Mradi wa madrasa za awali ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, ukafika Zanzibar na Uganda, uliwafundisha walimu kutengeneza vifaa kwa vifuu, mbegu kubwa, vitambaa na vibao, na watoto walisoma navyo. Wewe angalia tu kwamba kila kitu ni kikubwa kuliko mdomo wa mtoto, na hakina ncha wala rangi inayobanduka.

Jioni, watoto wanapokwisha kuondoka, mlezi wa zamu apite kila chumba, afunue kila chandarua, afungue kila mlango wa choo, atazame nyuma ya magodoro, ndipo atie sahihi na kuandika saa. Na ikitokea kwamba mmoja amebaki na mzazi haonekani, wabaki walezi wawili, si mmoja. Wapige simu kwa kila jina lililo kwenye kadi, kwa zamu, wakiandika saa ya kila simu. Na usiku ukiingia bila jibu, afisa ustawi wa jamii aarifiwe, au polisi, wala mlezi asimchukue mtoto nyumbani kwake kwa huruma. Wakati huo wote mmoja wa walezi asishike simu wala daftari, bali aketi mkekani na mtoto, ampe uji, amwambie kwamba mama anatafutwa, na akae naye hapo mpaka lango lifunguke.